Luva za stoo zinaingiza maji masika hii, silikoni imepakwa kote na bado, tatizo liko wapi? (Moshi)

mama_maharage

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Naomba msaada wa mtu anayezijua luva za ukutani, zile za aluminiamu za kuingiza hewa, sio za vioo vya dirishani.

Nina stoo ya maharage na mahindi hapa Moshi, huku chini upande wa Pasua. Jengo ni la tofali za saruji, plasta ndani na nje, bati la kawaida. Ukuta wa nyuma unaotazama kusini una luva 4, kila moja upana mita 1.2 na kimo mita 1, mabapa yake yameinama kuelekea nje na nyuma kuna wavu wa kuzuia mbu na wadudu. Ukuta wa mbele kule juu kuna feni kubwa inayotoa hewa ya ndani, kwahiyo hewa mpya inaingilia kwenye hizo luva. Kiangazi chote hakuna shida. Ikifika masika, mvua ikija na upepo wa kutokea Kahe, maji yanaingia, yanateremka ukutani chini ya luva mpaka sakafuni na gunia za mstari wa nyuma zinalowa matako.

Fundi alikuja akapaka silikoni kuzunguka fremu zote, juu, pembeni na chini, nje na ndani, akaniambia sasa haliingii hata tone. Mvua kubwa iliyofuata maji yaliingia mengi kuliko mwanzo. Nikampigia akasema luva zenyewe ni mbovu, ning'oe zote nijenge ukuta. Kabla sijatoa hela nyingine nataka nielewe maji yanapita wapi, maana mzigo mwingine humo ndani sio wangu, ni wa kina mama wa kikundi wanaoweka wakisubiri bei ipande na siwezi kuwaambia mahindi yao yameota ukungu kwangu.

kibo_mchana

Dada ziba na tofali, acha matundu mawili matatu kule juu, kwisha habari. Wangu nilifanya hivyo.

mkulima_hai

Mangi hapo kibo_mchana usimpe dada ushauri huo, inategemea stoo inaweka nini. Ya vifaa vya ujenzi sawa, ziba. Ya nafaka hapana. Mahindi hata yakiwa makavu vizuri, chini ya asilimia 13.5 za unyevu, bado yanapumua, yanatoa joto na unyevu kidogo kidogo, na kama hewa haizunguki ule unyevu unakwenda kutua sehemu yenye baridi, mara nyingi gunia za pembeni na za juu chini ya bati. Hapo ndo ukungu unaanza na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo huioni kwa macho na ukipika ugali haitoki. Kwahiyo kuziba luva kutaondoa maji ya mvua na kuleta unyevu mwingine wa ndani kwa ndani.

Mama, wakati unatafuta dawa ya luva, leo hii hii sogeza gunia mbali na ule ukuta, acha njia mtu apite, na zipande juu ya chaga za mbao. Zilizolowa zitoe kabisa, zianike peke yake, usizichanganye tena na nzuri hata zikikauka.

fundi_wa_njiro

Dada pole na mzigo. Mimi ni fundi wa aluminiamu, kazi zangu nyingi ni Njiro na Usa River, na hili tatizo nakutana nalo kila masika. Kwa maelezo yako silikoni ya chini ndo imekuongezea maji, ngoja nieleze kwanini.

Luva sio dirisha. Dirisha kazi yake ni kuzuia maji, luva kazi yake ni kupitisha hewa na kuyazuia maji kwa kiasi kikubwa, alafu yale yatakayopenya yapewe njia ya kurudi nje. Mvua ikigonga mabapa maji mengi yanadondoka mbele, lakini mengine upepo unayasukuma yanafika mgongoni mwa bapa, au yanakimbilia pembeni kwenye nguzo za fremu, yanashuka nazo mpaka fremu ya chini. Pale chini ndo pa kutokea. Fremu nyingine zina vitobo vidogo kwa mbele, nyingine hazina vitobo ila upande wa nje wa chini unaachwa wazi ili maji yamwagike kwenye kizingiti. Sasa mtu akipaka silikoni pale kwa nje fremu inageuka hori, maji yanajaa humo ndani na yakijaa yanamwagikia upande mwepesi, yaani kwako ndani. Ndo maana baada ya silikoni yalizidi.

Lakini usikimbilie kukata silikoni ukadhani umemaliza, maana inaonekana una njia zaidi ya moja. Maji yanayoonekana chini ya luva yanaweza kuwa yamepita katikati ya mabapa, au kwenye maungio ya fremu na ukuta, au yametoka juu kabisa, ufa wa plasta juu ya linta (ile boriti ya zege juu ya tundu la luva) au bati na gata, yakateremka ndani ya ukuta yakatokea kwenye tundu la luva kwasababu ndo sehemu ya kwanza iliyo wazi. Hiyo ya mwisho inadanganya mafundi wengi sana. Unaona maji kwenye luva unailaumu luva kumbe luva haina kosa.

Jinsi ya kujua ni kupima kwa mpira wa maji siku ambayo hakuna mvua na ukuta umekauka. Mtu mmoja nje na mpira, mmoja ndani na tochi, simu mkononi mnaongea. Toa ile pua ya kubana maji, usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari, ile inasukuma maji hata sehemu ambayo mvua haifiki na mtatibu ugonjwa ambao haupo. Kwanza funika uso wote wa luva kwa nailoni na gundi ya karatasi, ibane juu ya fremu yenyewe ili maungio ya fremu na ukuta yabaki wazi. Anza CHINI. Mwagilia kizingiti na maungio ya chini kama dakika 10, aliye ndani aangalie. Hakuna kitu, panda pembeni, dakika 10. Hakuna kitu, panda juu ya fremu, alafu ukuta wa juu yake mpaka karibu na bati. Ukianzia juu maji yatashuka yatalowesha kote na hutajua lipi ni lipi. Na uwe na subira, plasta inakunywa maji kwanza, mengine yanachelewa kutokea ndani.

Ukimaliza hayo toa nailoni, mwagia mabapa yenyewe kwa mbele, feni ikiwa imezimwa. Alafu rudia feni ikiwa inafanya kazi. Hilo la feni ni la muhimu kwenye stoo yako, naona hakuna aliyekuuliza.

Na mwaga kikombe cha maji juu ya kizingiti cha nje uone yanaelekea wapi. Yakija ndani, umeshapata jibu moja.

Uliza ukikwama.

mama_maharage

Asante sana kaka, Mungu akubariki kwa kueleza vizuri hivyo. Vijana nitawapata Jumamosi tupime. Ila kwa sasa naweza kujibu moja, jana usiku ilinyesha sana, nikaenda stoo mwenyewe nikazima feni ili nione. Maji yalipungua mno kwenye luva 3. Ile ya kwanza mkono wa kushoto ukiwa ndani haikubadilika kabisa, yaliendelea vile vile.

hewa_na_bomba

Hapo mama umeshafanya nusu ya kazi. Mimi ni injinia wa mitambo niko Arusha, naomba niongezee kwenye feni maana watu wengi wanafunga feni kubwa bila kuhesabu luva.

Luva inapopimwa kiwandani wanaangalia hewa inapita kwenye nafasi wazi kwa kasi gani ndipo maji yaanze kuingia nayo. Kipimo cha Marekani cha AMCA, chama cha watengenezaji wa feni na luva, kinaishia futi 1,250 kwa dakika, yaani kama mita 6.35 kwa sekunde, na luva nyingi za kawaida zinaanza kuingiza maji kabla ya hapo. Sasa chukua mfano, sijui feni yako ni ya ukubwa gani lakini tuseme inatoa mita za ujazo 8 kwa sekunde. Luva zako 4 zina jumla ya eneo mita za mraba 4.8, lakini hewa haipiti kote, mabapa na fremu vinakula nafasi, tuseme inabaki asilimia 45, hiyo ni kama mita za mraba 2.16. Gawa 8 kwa 2.16 unapata mita 3.7 kwa sekunde. Hapo bado una nafuu. Lakini ule wavu wa mbu ukishika vumbi na makapi ya maharage mpaka nusu imezibika, kasi ya hewa kwenye sehemu iliyobaki inakaribia mara mbili, unafika zaidi ya mita 7, na hapo luva ya bapa la kawaida haina ujanja, matone yanavutwa ndani kama yalivyo. Kimahesabu ya kweli feni nayo itapunguza hewa ikikutana na kizuizi, kwahiyo haitakuwa mara mbili kamili, ila picha ni hiyo.

Nenda kashike wavu uone una hali gani. Kwa stoo ya nafaka naweka dau ni mchafu.

Na huo upimaji ninaousema unafanyika bila upepo, ni maji na feni tu. Mvua ya upepo ina kipimo chake tofauti, wanapuliza upepo wa mita 13 kwa sekunde na mvua ya milimita 75 kwa saa, na kuna cha ukali zaidi cha mita 22 kwa sekunde na mvua ya kama milimita 200 kwa saa, alafu luva inapewa daraja A mpaka D. A inazuia asilimia 99 na kuendelea, D ni chini ya 80. Hata A haisemi sifuri. Kwahiyo anayekuuzia luva akikuambia haiingizi maji kabisa muulize njia ya kutolea maji ndani yake iko wapi.

duma_wa_usa

Wakuu samahani naingilia, nina la kufanana na hilo. Niko Usa River, nasimamia lodge, chumba cha jenereta kina luva mbili na maji yanaingia mpaka karibu na betri. Bosi anataka tuzibe moja kwa bati wakati wa masika alafu tufungue Juni. Ni sawa?

hewa_na_bomba

Hapana kaka, USIZIBE, tena hili nalisema kwa herufi kubwa makusudi. Jenereta inahitaji hewa ya kuunguza mafuta na hewa ya kupoza, ukipunguza mlango wa hewa kwanza itapata joto, na kama bomba la moshi linavuja hata kidogo ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inajikusanya humo ndani, haina rangi haina harufu, mtu anaingia kuangalia mafuta anaanguka. Vilevile kwa wote mnaoweka mitungi ya gesi ya kupikia kwenye vibanda vyenye luva, gesi ile ni nzito kuliko hewa inakaa chini, luva za chini zisizibwe kwa sababu yoyote ile.

Kwa chumba chako dawa rahisi ni kofia ya bati kwa nje. Itoke mbele ya ukuta kama sentimita 45 hivi, pembeni mbavu zifungwe, chini iwe wazi. Angalia tu lile tundu la chini la kofia lisiwe dogo kuliko nafasi wazi ya luva. Na betri iinuliwe juu ya stendi, hilo lifanyike leo.

duma_wa_usa

Nimeelewa mkuu, nampelekea bosi maelezo haya kama yalivyo.

alum_sakina

Fundi wa Njiro kaeleza vizuri, mimi niongeze la silikoni kwasababu naona watu wanachukua yoyote dukani. Ile inayonuka kama siki, hiyo ni ya vioo na vigae vya bafuni. Ina asidi, kwenye saruji haishiki vizuri, na kwenye bati la zinki au skrubu inaleta kutu. Maungio ya fremu ya aluminiamu na ukuta wa plasta yanataka silikoni isiyo na asidi, imeandikwa neutral kwenye chupa, au gundi ya poliurethani ya kujengea. Soma chupa, usisome bei.

Na hata ukinunua nzuri, ukipaka juu juu kama mtu anapaka siagi haikai. Aluminiamu inatanuka na jua. Kila mita 1 ikipata tofauti ya digrii 40, asubuhi ya baridi na saa 8 mchana jua la kiangazi, inatanuka karibu milimita 1, kwahiyo fremu ya mita 1.2 inacheza zaidi ya milimita 1 kila siku, kila siku, mwaka mzima. Ule utepe mwembamba uliopakwa kwenye kona unachanika, na ufa wenyewe ni mwembamba mno huuoni kwa jicho lakini maji yanaingia, tena ufa mwembamba ndo unavuta maji kuliko tundu kubwa. Acha nafasi ya kama milimita 10 kati ya fremu na ukuta, sukuma ndani sponji ya duara ya kuzuia gundi isizame, alafu jaza gundi kina chake kiwe nusu ya upana. Ishike pande mbili tu, fremu na ukuta. Ikishika na nyuma haiwezi kuvutika inachanika.

Silikoni kuukuu ing'olewe yote kwanza. Mpya juu ya kuukuu haishiki.

mama_maharage

Wapendwa nimerudi na majibu. Tumepima Jumamosi asubuhi kama kaka alivyoelekeza.

Luva ya kwanza kushoto: imefunikwa na nailoni, chini hakuna kitu, pembeni hakuna kitu, juu ya fremu hakuna kitu. Tulivyomwagia ukuta kule juu, karibu na mwisho wa bati, ikachukua muda kidogo alafu maji yakaanza kudondoka ndani toka juu ya fremu kwenye ile pembe. Kijana akapanda ngazi akakuta ufa kwenye plasta unaotembea sawasawa na linta, na gata hapo limejaa majani ya mwarobaini wa jirani yanafurika ukutani.

Zile 3 zingine: kizingiti kinaelekea NDANI, kikombe cha maji kilirudi kwetu. Silikoni ya nje chini tulipoikata na kisu maji machafu yaliyokuwa yamekaa yalitoka, yana harufu. Kulikuwa na vitobo viwili kila fremu vimezibwa. Mabapa feni imezimwa maji kidogo sana, feni ikiwashwa yanaingia mpaka kwenye wavu na wavu ni kweli umeziba, ulikuwa kama kitambaa. Tumeufua kwa maji ya sabuni, umerudi kuonekana.

Sasa nifanye nini kwa utaratibu, na je luva nibadilishe au zinafaa? Na maungio ya pembeni hayakuvuja hata moja, hapo niache?

fundi_wa_njiro

Dada umepima vizuri kuliko mafundi wengi, hongera. Luva zako ni nzima, usibadilishe hata moja, kwanza hiyo hela iweke pembeni.

Ya kushoto sio kazi ya fundi aluminiamu. Safisha gata, na hakikisha bomba la kushushia limefunguka mpaka chini. Ule ufa usipakwe rangi juu. Uchimbwe kwa grinda uwe mfereji mdogo, usafishwe vumbi, ujazwe gundi ya poliurethani, alafu upakwe rangi ya nje ya kuvutika. Ufa unaofuata linta unarudi ukijazwa saruji, kwasababu zege la linta na tofali havitanuki sawa, ukiziba kwa kitu kigumu utapasuka pale pale mwakani. Na juu ya fremu zote 4 weka kipande cha bati kilichokunjwa, kiingie ndani ya plasta kwenye mfereji wa milimita 10 hivi, kiteremke mbele ya fremu na ncha yake ikunjwe nje kidogo ili tone lidondoke lisirudi. Hicho kitakulinda hata ukuta ukipasuka sehemu nyingine.

Hizo 3 dawa yake ni trei ya bati chini ya fremu. Hapa ndo pa kutulia maana mafundi wengi wanaruka. Luva inafunguliwa skrubu inatolewa. Kizingiti kinachimbwa na kupigwa upya kielekee nje, mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 10 unatosha. Juu yake inakaa trei ya bati la aluminiamu iliyokunjwa kwa kipande kimoja kizima bila kuungwa katikati: nyuma imesimama, pembeni mbili zimesimama, mbele inashuka na kupita plasta ya nje kwa sentimita 3 au 4. Kona za nyuma ziungwe ziwe hazipitishi maji kabisa, zijaribiwe kwa kumwaga maji kabla ya kufunga. Chini ya trei papakwe rangi ya lami ili aluminiamu isigusane na saruji mbichi, saruji mbichi inakula aluminiamu. Alafu luva inakaa ndani ya trei, juu ya vipande vidogo vya plastiki vya kuinua ili maji yapite chini yake.

Kimo cha ule ukuta wa nyuma wa trei kina hesabu yake. Upepo ukigonga ukuta unasukuma, na upepo wa mita 13 kwa sekunde una msukumo wa kama paskali 100, ambao unaweza kuinua maji karibu sentimita 1 kwenda juu upande wa ndani. Upepo wa mita 22 karibu sentimita 3. Na feni yako inavuta upande huo huo, inaongezea. Trei yenye ukingo wa sentimita 1 ambayo nimeikuta sehemu nyingi, siku ya dhoruba maji yanaruka tu. Weka sentimita 5.

Pembeni na juu ya fremu ziba kwa gundi kama alum_sakina alivyosema, ya sasa haijavuja lakini luva ikitolewa itang'oka tu kwahiyo utaanza upya. CHINI KWA NJE USIZIBE. Fundi yeyote akija hapo na chupa mkae naye aelewe hilo kwanza. Chini kwa ndani, kati ya mgongo wa trei na ukuta, hapo ndo anaziba. Skrubu tumia za chuma kisichoshika kutu na usitoboe sakafu ya trei, fremu ifungwe kwa pembeni kwenye nguzo. Nimeona mtu ametengeneza trei nzuri alafu anaipigia skrubu 4 chini, kila skrubu ni tundu.

kibo_mchana

Hiyo trei wanatengeneza wapi Moshi?

fundi_wa_njiro

Yeyote anayekunja gata na mabati ya kona anaiweza, mpe kipimo cha tundu la ukuta sio cha fremu. Mchoro hata wa kalamu kwenye boksi unatosha, ila simama naye akikunja zile kona.

hewa_na_bomba

Mama kwenye feni fanya mambo mawili. Moja, wavu uwe wa kutoka kwa skrubu za mkono ili usafishwe bila kuita mtu, na mashimo yake yawe makubwa kidogo, wavu wa mbu unaziba haraka sana kwenye nafaka. Nyuma ya luva weka wa kuzuia ndege na panya, wa chuma, mbu hawali mahindi. Pili, feni yako weka swichi ya kuichagulia muda, iwe inafanya kazi mchana hewa ikiwa kavu. Usiku wa mvua hewa ya nje imejaa unyevu, ukiivuta ndani hata kama hakuna tone linaloingia unalowesha mzigo taratibu. Mvua ikianza feni izimwe, ikikatika na jua likitoka iwashwe.

mkulima_hai

Hilo la feni usiku nakazia. Watu wanawasha saa 24 wakidhani wanakausha.

mama_maharage

Nimewaelewa wote, kweli hapa nimepata shule. Swali langu la mwisho, masika bado haijaisha, nianze sasa au nisubiri? Naogopa kufungua luva alafu mvua ije usiku ukuta una tundu la mita nzima.

fundi_wa_njiro

Usifungue luva sasa. Gata na vitobo umeshafungua, feni izime mvua ikinyesha, hayo peke yake yatakupunguzia sana. Ule ufa ukipata siku mbili tatu za jua mfululizo na ukuta umekauka, ujazwe, ukiwa umelowa gundi haishiki. Mpaka hapo funga kipande cha bati juu yake kwa muda, kiteremke kipite ufa.

Kizingiti na trei weka Juni au Julai, mvua zikiisha, saruji ipate muda wa kukomaa. Na ufanye luva moja moja, unaifungua asubuhi, trei inakuwa imeshakunjwa tayari, jioni imerudi ukutani. Ukimaliza ya kwanza ipime kwa mpira kabla hujagusa ya pili, kama kuna kosa la kipimo ulijue kwenye moja sio kwenye zote.

mama_maharage

Sawa kaka. Mtu wa gata nimeshaongea naye anakuja kesho, na gunia zote zipo juu ya chaga. Nikifunga ile ya kwanza Juni nitaweka picha hapa muiangalie kona zake kabla sijaendelea.